Masurufu ya Safari: Kila Mwanamke na Kibindo Chake



Mfungo Mosi ukiingia hapa visiwani, harusi hufuatana kama shanga uziini. Na harusi za siku hizi haziishii kwa bi harusi kukaa ndani siku saba akipikwa na kufukizwa. Wengi fungate yao iko Dubai, Maskati au Istanbul, na wengine, Alhamdulillah, huomba wapelekwe umra badala ya hoteli ya ufukweni. Maswali tunayoletewa basi ni mengi: abaya gani haichoshi kwenye ndege, hina ipakwe siku ngapi kabla, udi utiwe kwenye sanduku gani. Swali ambalo karibu haliulizwi ni hili: wewe mwenyewe, mkononi mwako, utasafiri na kiasi gani?

Tukiuliza sisi, majibu huwa mawili tu. Wa fungate husema, "Mume wangu ndiye atakayeshika." Wa umra ya kikundi husema, "Kila kitu kimeshalipwa." Yote mawili hatukubaliani nayo, na leo tunataka kusema kwa nini.

Msimamo wetu ni huu. Mwanamke asipande ndege bila ya masurufu yake mwenyewe, yanayotumika katika nchi anayokwenda, yaliyo mahali anapopajua yeye na kwa kiasi anachokijua yeye. Si lazima yawe mengi, lakini lazima yawe yake.

Tuanze na la dini, maana hapo ndipo wengi wanapojizuia wakidhani ndiyo adabu. Mume anayemsafirisha mkewe ana wajibu wa chakula chake, malazi yake na nauli yake. Hilo halina ubishi na wala hatumpunguzii mtu mzigo wake. Lakini wajibu wa mume haufuti mali ya mke. Sura An-Nisaa, aya ya 4, imeweka wazi kwamba mahari ni haki ya mwanamke, na mume hapati humo ila kile ambacho mke mwenyewe ameridhia kumwachia. Mahari si ya baba, si ya mjomba, si ya kulipia ukumbi. Kipamkono alichokupa bwana harusi ni chako pia. Sasa mtu aliyekabidhiwa mali yake na Mola wake, kwa nini afike uwanja wa ndege wa nchi ya watu hana hata thamani ya chupa ya maji?

Hata katika fedha ya mume mwenyewe, dini haikutaka mke awe wa kunyoosha mkono kila saa. Wengi wenu mnakijua kisa cha Hind binti Utba, alipomshitakia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, ubahili wa mumewe Abu Sufyan, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake cha kumtosha yeye na mwanawe kwa wema. Tunakitaja si kwa kuwa waume zenu ni mabahili, Mungu apishe mbali. Tunakitaja kwa sababu kinaonyesha kuwa mwanamke kuzungumzia fedha waziwazi si utovu wa haya.

Haya yenyewe, tuiseme kwa jina lake. Bi harusi wa siku tano hamjui bado vizuri huyo mume. Hedhi imemshika ghafla ugenini, anataka pedi. Duka liko chini ya hoteli, lakini mkobani hana hata dirhamu moja. Atakaa chumbani akijibana na kitambaa mpaka mume akisie mwenyewe, au atalazimika kusema jambo ambalo ulimi wake haujazoea kulisema mbele ya mwanamme. Dirhamu ishirini zingemaliza kazi. Masomo wetu wanafundisha liwa, singo, kujifukiza udi na namna ya kumpokea mume mlangoni, na Mungu awalipe. Tungependa waongeze somo moja dogo la kuhesabu fedha ya kigeni.

Wapo watakaosema kwamba mke akificha fedha zake safarini anaonyesha hamwamini mumewe. Kwani nani kasema afiche? Mwambie: "Mimi nina kiasi changu hapa, cha dharura." Mume mwenye akili atafurahi, maana akiibiwa yeye mfuko, au kadi yake ikikataa, au akishikwa na ugonjwa wa ghafla, nyinyi wawili hamtakwama. Fedha zote za safari zikikaa mfukoni mwa mtu mmoja, msafara mzima unategemea zipu moja ya suruali.

Na umra? Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa hapa mwanamke ana jambo ambalo mwanamme hana.

Mwanamke aliyenuia umra kisha hedhi ikamjia kabla ya kutufu, hatufu mpaka atwaharike, na ihramu yake inabaki pale pale. Bibi Aisha, radhiya Allahu anha, jambo hili lilimfika katika Hija ya Kuaga, akalia kwa huzuni, na Mtume akamtuliza kuwa ni jambo ambalo Allah amewaandikia mabinti wa Adam. Alipotwaharika alifanya tawafu yake, kisha akapelekwa Tan'im na nduguye Abdurrahman akatia nia ya umra huko. Yeye alikuwa na ndugu wa kumpeleka na msafara uliomngoja. Wewe una kikundi chenye tiketi za pamoja, hoteli ya Makka iliyolipiwa siku nne, na basi la Madina linaloondoka Jumapili asubuhi likiwa na wewe au bila wewe.

Ikitokea hivyo unahitaji masiku zaidi ya hoteli, tena si yako peke yako bali na ya maharimu wako. Unahitaji chakula, usafiri wa kulifuata kundi Madina au kurudi Makka baadaye, pengine na gharama ya kubadilisha tarehe ya tiketi. Mwenye masurufu anakaa, anangoja, anatufu kwa utulivu, anamaliza ibada aliyoiota miaka kumi. Asiye nayo anaanza kupiga simu nyumbani usiku wa manane, au anamzunguka kila sheikh akitafuta ruhusa nyepesi, kwa sababu tu mfuko hauna kitu. Masheikh wana maneno yao juu ya mwenye dharura, na hukumu ya kila mmoja ulizeni kwao kabla ya safari, pamoja na suala la dawa za kuzuia hedhi ambalo ni la daktari vilevile. Sisi tunasema tu kwamba fatwa isitafutwe kwa kupima mfuko.

Ndiyo maana neno "kila kitu kimeshalipwa" linatutia wasiwasi. Kwa kawaida kinacholipwa ni tiketi, viza, hoteli, mabasi, na kama wakala ni mkarimu, chakula. Hakijalipwa kufua nguo, teksi ukipotezana na wenzako baada ya swala ya Isha, dawa ya kikohozi ambacho karibu kila anayekwenda hurudi nacho, zawadi za watoto wa kaka, sadaka, wala fidia endapo umevunja sharti la ihramu na ukatakiwa uchinje. Msikitini wanawake na wanaume wana sehemu zao za kuswalia. Mnaachana, mnaagana mkutane kwenye mlango fulani, simu inazima, mlango umefungwa kwa wingi wa watu. Hoteli yako iko Aziziya. Utakwenda kwa nini?

Na mtu asituambie kuwa kwenda na mikono mitupu ndiko kutawakali. Sura Al-Baqara, aya ya 197, inayozungumzia Hija, imeamrisha watu wachukue masurufu, kisha ikasema yaliyo bora kuliko yote ni ucha Mungu. Imepokewa kwa Ibn Abbas katika Bukhari kwamba iliteremka kwa ajili ya watu waliokuwa wakitoka Yemen kwenda kuhiji bila ya chochote, wakijiita wenye kumtegemea Allah, na wakifika Makka wakawa waombaji. Karne kumi na nne baadaye bado wamo.

Sasa, fedha inapatikana wapi? Wanawake wa visiwani hatukosi njia. Upatu ni wetu tangu enzi za bibi zetu, na mwenye safari huomba zamu yake iangukie mwezi wa kuondoka. Wengine huweka mahari yao bila ya kuyagusa. Wengine masurufu yao ni bangili: huvaa mkononi mbili tatu, wakifika Dubai huziuza Deira, kwenye soko la dhahabu. Ni njia halali na ya zamani, ila ina mlango wa riba ambao wengi hupita bila ya kujua. Ukitoa bangili kongwe ukapewa mpya ya muundo wa kisasa na ukaongeza kidogo juu, umebadilisha dhahabu kwa dhahabu kwa uzito usiolingana, na hiyo ndiyo iliyokatazwa. Uza kwanza bangili yako, pokea fedha taslimu mkononi, izishike, kisha nunua mpya kama unataka, kwake au kwa jirani yake. Ni hatua moja ya ziada tu. Chukua na risiti zako za nyumbani. Dhahabu isiyo na karatasi huleta maswali njiani.

Halikadhalika kubadilisha fedha. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yenye makao yake Jeddah, iliamua katika kikao chake cha Amman mwaka 1986 kwamba fedha za karatasi zina hukumu za dhahabu na madini ya fedha katika mambo ya riba. Maana yake shilingi kwa dola bei yoyote mtakayokubaliana ni sawa, lakini mkono kwa mkono, hapo hapo. Sasa tazama tunavyofanya. "Shoga, nipe dola mia mbili leo, shilingi zake nitakuletea Ijumaa." Hilo ni kubadilisha fedha kwa kuchelewesha, na halifai, hata baina ya mtu na dada yake. Kama huna shilingi leo, kopa hizo dola ziwe deni la dola. Siku ya kulipa, mkiridhiana ulipe kwa shilingi, mtahesabu kwa bei ya siku hiyo. Mambo mepesi haya, ila midomo yetu imezoea maneno ya mkato.

Kadi za mkopo zenye riba ukichelewa, tunazikimbia, na dhahabu ya kulipa kidogo kidogo tunaikimbia zaidi. Kadi inayokata fedha zako mwenyewe zilizomo benki ni jambo jingine, nayo tunaipendekeza iwe msaidizi wa noti.

Shilingi yetu tunaipenda, lakini ukivuka nayo bahari haina bei ya maana. Badilisha nyumbani. Msibadilishe siku ya safari uwanjani, ambako kwa kawaida bei huwa mbaya kuliko mjini. Zungukeni Mji Mkongwe, ulizeni maduka matatu ya kubadilishia fedha, na msidanganyike na bango linalosema hakuna ada. Ada iko ndani ya tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia, na tofauti ikiwa kubwa, umeshalipa. Mtu wa mitaani anayekunong'oneza bei tamu, mwache na bei yake. Noti bandia ukiigundua Dubai, huna wa kumrudia. Dai risiti, hesabu mbele yake, hesabu tena.

Kagueni na noti zenyewe. Dola za zamani, zile za kichwa kidogo, hukataliwa au hupunguzwa thamani, na noti iliyochanika au kuandikwa kalamu huleta ubishi. Chukua safi. Noti ya 100 iliyo na utepe wa buluu ilianza kutolewa 2013, lakini nyingine zimeandikwa 2009. Usishituke ukiona hivyo na wala usikubali kuambiwa ni ya zamani. Weka pia noti ndogo za 5, 10 na 20 kwa zile saa za mwanzo, maana dereva wa teksi hatakuwa na chenji ya mia.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka litawapunguzia watu homa. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa na dola tangu 1997, kwa 3.6725. Riali ya Saudia imefungwa kwa 3.75 tangu 1986. Riali ya Oman nayo imefungwa, riali moja ni kama dola 2.60. Kwa hiyo hakuna haja ya kuvizia bei ya dirhamu wala riali, haiendi popote. Inayopanda na kushuka ni shilingi yetu mbele ya dola. Anayesafiri baada ya miezi sita anunue dola kidogo kidogo kila mwezi, asingoje kununua zote wiki ya mwisho. Anayekwenda Uturuki ndiye mwenye hesabu tofauti: mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa kama lira 7, na mwisho wa 2023 ilikaribia lira 30. Huyo abaki na dola zake, abadilishe za siku mbili tatu kwa wakati.

Wa Maskati nao tuwaambie neno. Riali ya Oman ni nzito na inagawika baisa 1,000. Sokoni Matrah utaona leso nzuri ya riali 4.500, akili iliyozoea maelfu ya shilingi itakwambia ni rahisi. Hizo ni karibu dola 12. Fanyeni hesabu kabla ya kufungua pochi, si baada ya kufungiwa mzigo.

Kadi ikitumika, kwanza arifu benki yako kwamba unasafiri, na uulize inakata kiasi gani kila ukitoa fedha kwenye mashine ya nje. Namba ya siri ijue wewe, si mtoto wa shangazi aliyekufungulia akaunti. Mashine au muuza duka akikuuliza kama unataka ukatwe kwa shilingi au kwa fedha ya nchi ile, chagua fedha ya nchi ile. Kukatwa kwa shilingi huonekana kama ukarimu, kumbe wamejipangia bei yao. Na laini yako ya simu iwe inapokea ujumbe ukiwa nje, maana benki nyingi hutuma tarakimu za kuthibitisha malipo kwenye namba ile ile ya nyumbani. Laini ikiwa imekufa, na kadi imekufa nayo. Fedha iliyoko kwenye simu, ambayo hapa unalipia hata urojo, muuza vitambaa wa Deira haijui.

Dubai hoteli nyingi huomba amana ya fedha au huzuia kiasi fulani kwenye kadi siku unapoingia, na juu yake kuna tozo ya utalii ya kila usiku kwa kila chumba, dirhamu 7 hadi 20 kulingana na daraja la hoteli. Bi harusi wa mwaka wa kwanza haambiwi haya. Mume anatoa fedha mapokezini, uso umembadilika, na mke anadhani amemkosea.

Kuhusu kuzibeba, bibi zetu walituzidi. Fedha ilifungwa kwenye pindo la kanga, ikakazwa kiunoni, na mwizi angeomba radhi kabla ya kuifikia. Kibindo kile ndicho tunachokitaka, ila kwa umbo la leo. Mpe fundi wako shimizi au suruali ya ndani ya baibui akushonee mfuko bapa wenye zipu, upande wa ndani, unaotosha pasipoti na noti. Kazi yenyewe haimchukui muda. Humo viweke vile usivyotarajia kuvigusa mchana kutwa. Pochi ndogo ya mbele iwe na matumizi ya siku hiyo tu, ili ukilipa maji ya kunywa usifunue hazina yote mbele ya watu. Fungu la tatu liache kwenye kisanduku cha chuma cha chumbani, kama hoteli inacho, au kwa mwenzako unayemwamini. Sanduku linaloingia tumboni mwa ndege lisibebe hata senti.

Mikoba mikubwa ya wazi, ile inayobebwa kwa mtindo, iacheni siku ya tawafu. Watu wanabanana, macho yako yanatazama Kaaba na moyo uko kwingine. Wezi wapo hata pale, na hilo linauma kulisema lakini kulinyamazia kunauma zaidi. Waulizao kama kufunga mkanda wa fedha katika ihramu kunafaa: kwa wanaume wanazuoni wameujuzisha, na sisi wanawake tuko na nguo zetu za kawaida, hatuna cha kuhofia.

Msiogope pia kusema ukweli forodhani. Kubeba fedha nyingi si kosa. Kosa ni kuficha. Ukitoka Tanzania, zikifikia dola 10,000 au thamani yake unazitamka. Falme za Kiarabu kiwango ni dirhamu 60,000, Saudia riali 60,000, Oman riali 6,000. Hizi ni fedha za kuingia na kutoka, na wafanyabiashara wetu wanaokwenda kufunga mizigo ya maduka ndio wanaozihitaji zaidi kuliko bi harusi, ila ni vyema kila mtu ajue. Tena msikubali kumbebea mtu bahasha ambayo hamkuihesabu. "Mpelekee tu mjomba, ni dola chache." Ni amana, na amana hukaa mbali na fedha zako, haiguswi hata kwa nia ya kuirudisha kesho. Kama huwezi kuiweka mbali, ikatae kwa upole kabla ya kufika uwanjani.

La mwisho kwa wanunuzi. Dubai bei za dukani zina kodi ya asilimia 5 tangu 2018, na mgeni anaweza kurudishiwa sehemu kubwa yake anapoondoka, alimradi alinunua kwenye duka lililosajiliwa, alitoa pasipoti wakati wa kulipa, na kiasi kilifikia dirhamu 250. Kwa vitambaa na vyombo vya ndani vya bi harusi, si fedha ya kuacha. Fika uwanjani mapema, pita kwenye kituo cha marejesho kabla ya kukabidhi mizigo, na vitu viwe karibu pengine watataka kuviona.

Ukirudi nyumbani, sarafu za halala, fils na baisa zitakubakia. Maduka ya kubadilishia fedha hayazipokei, kwa hiyo zimalizie huko huko kwenye sanduku la sadaka. Noti ndogo zibakize. Zitie kwenye bahasha, andika juu kiasi na nchi, na wifi yako atakayekwenda umra mwakani mpe fedha ya kuanzia ya teksi na maji. Akitaka kukulipa shilingi zake, akulipe hapo hapo mlangoni, msiachiane mpaka Ijumaa.